Dada ana selimundu, yuko SSI na Medicaid (Ohio): akiolewa, bima inakuwaje?

Kaka_wa_Columbus:

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mnaoyajua mafao ya Marekani naomba msaada kabla hatujalipia ukumbi.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 26 na ana selimundu tangu utotoni. Anameza haidroksiyurea kila siku, damu inapimwa mara kwa mara, na kwa mwaka hulazwa mara mbili au tatu. Anakaa na wazazi hapa Columbus. Kila mwezi anapokea dola 520 za Social Security (mafao yatokanayo na michango ya kazi) na 467 za SSI (msaada wa serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo). Ana Medicaid ya Ohio (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) na kadi ya Medicare pia (bima ya serikali ya wazee na wenye ulemavu). Mchumba anafanya kazi ghalani, mshahara 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, na benki ana akiba kama 9,000. Kazini kwake kuna bima. Wote wawili ni raia.

Wazee wanashauri wafunge nikaha msikitini, waishi pamoja, na leseni ya serikali ifuate baadaye ili dada asipoteze Medicaid. Je, inasaidia? Na akiingizwa kwenye bima ya mume, ugonjwa alionao tangu zamani unakubaliwa?

---

Mshauri_wa_Mafao:

Wa aleikum salaam ndugu. Tuiache nikaha kwanza, tutazame hizo namba.

520 na 467 jumla yake ni 987. SSI ya mtu mmoja kwa mwaka 2025 ilikuwa 967, na ofisi huachia dola 20 za kwanza za kipato kingine. 520 toa 20 ni 500. 967 toa 500 ni 467. Kwa hiyo dada ana mafao ya aina mbili, na ndoa haiyagusi kwa namna moja.

La kujua haraka ni kwamba ile 520 imetokana na michango ya kazi ya nani. Kama ni kazi aliyowahi kufanya mwenyewe, ndoa haiipunguzi hata senti, na Medicare yake inabaki. Kama inatoka kwenye rekodi ya baba au mama aliyestaafu, aliyepata ulemavu au aliyefariki, hayo ni mafao ya mtoto mtu mzima ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 22. Washauri huyaita DAC. Haya hukatika siku mtu anapofunga ndoa. Hayapunguzwi, hukatika moja kwa moja, na Medicare iliyopatikana kupitia hayo inaondoka nayo. Talaka hairudishi kitu; labda ndoa yenyewe ibatilishwe kisheria. Watu wengi hugundua hili miezi kadhaa baada ya harusi, deni la malipo yaliyozidi limeshafika maelfu.

Nafuu moja ipo ndani ya sheria yenyewe: akiolewa na mtu ambaye naye anapokea Social Security, iwe ya ustaafu, ya ulemavu kwa kazi yake, au DAC kama yeye, malipo huendelea. Mwenye SSI peke yake hahesabiwi humo. Mchumba wenu, kwa ulivyoeleza, hapiti.

Aombe barua ya uthibitisho wa mafao, kwenye akaunti yake ya mtandaoni ya Social Security au kwa simu, aulize kwa maneno haya: "Malipo haya yanatoka kwenye rekodi ya nani?" Akitaka mkalimani wa Kiswahili aseme mwanzoni kabisa mwa simu. Ni bure, na ni bora kuliko jamaa kutafsiri neno kama DAC kwa kubahatisha.

Sasa nikaha bila leseni. Wazee wana nia njema, lakini ushauri huo unampa dada hasara za ndoa na kumnyima faida zake. Kila ofisi ina tafsiri yake ya "mke":

SSI haihitaji cheti. Mkiishi nyumba moja na mkajitambulisha kwa watu kama mume na mke, mnahesabiwa wanandoa, ingawa Ohio haitambui ndoa za kuishi tu pamoja zilizoanza baada ya 10 Oktoba 1991. Kuna fomu, SSA-4178, inayouliza mnavyotambulishana kwa majirani na ndugu, barua zinakuja kwa majina gani, nyumba mmepanga kwa majina ya nani. Nikaha yenye wageni mia mbili ni jibu tosha.

Medicaid ya watu wazima wa kipato kidogo hufuata kodi ya mapato, yaani ndoa ya kisheria. Nikaha bila leseni kwao si ndoa.

Mwajiri anataka cheti. Bila karatasi ya mahakama ya mirathi ya kaunti (ndiyo inayotoa leseni za ndoa Ohio, na leseni hudumu siku 60) hamwingizi mke kwenye bima.

DAC hupimwa kwa sheria ya jimbo. Msijiamulie wenyewe kwamba nikaha bila leseni "si kitu" kwao. Hilo moja mwulizeni mwanasheria wa msaada wa kisheria kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo wakifuata mpango wa wazee, SSI inahesabu mshahara wa mume kuanzia mwezi unaofuata, na bima ya mume haimpokei.

---

Bi_Mahesabu:

Niongeze hesabu, maana bila tarakimu watu huamua kwa hofu tu. Viwango vyote hapa ni vya 2025; vya SSI hubadilika kila Januari.

Tuchukulie 520 imekatika. Mshahara wa mume ni 2,400. Toa 20, kisha toa 65, inabaki 2,315. Nusu yake haihesabiwi, kwa hiyo kinachohesabiwa ni 1,157.50. Kiwango cha SSI cha wanandoa ni 1,450. Toa 1,157.50, dada anabaki na SSI ya 292.50. Alikuwa akipata 987, sasa 292.50. Hilo ndilo pengo la fedha, na familia ilione kabla.

Lakini kwa mgonjwa wa selimundu, hiyo 292.50 thamani yake si dola. Ohio ni jimbo ambalo mwenye SSI, hata kidogo, hupata Medicaid bila ombi jingine. Cha kulinda ni kutofika sifuri.

Sifuri inafika mshahara ukigusa 2,985 kwa mwezi. Mume akilipwa kila wiki mbili, hapo pana mtego. Kwa mwaka mshahara wake ni 28,800, yaani kama 1,108 kila malipo. Kuna miezi miwili kwa mwaka yenye malipo matatu: kama 3,323. Mwezi huo SSI inasimama. Ikisimama kwa sababu ya kipato, ndani ya miezi 12 inaweza kurudishwa bila ombi jipya, ila mtu asiporipoti stakabadhi za mshahara, ofisi hulipa, kisha hudai. Tazameni kalenda ya malipo ya mwajiri, mzungushie kalamu miezi hiyo miwili.

Mtoto akizaliwa hesabu inalegea. Kwa kila mtoto nyumbani asiye na kipato, 483 hutolewa kwenye mshahara wa mume kabla ya kuanza kukata. 2,400 toa 483 ni 1,917, toa 85 ni 1,832, nusu ni 916. SSI inapanda hadi 534.

Akiba ya 9,000 ni tatizo kubwa kuliko mshahara. Kikomo cha mali ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa wanandoa, namba ambazo hazijaguswa tangu 1989, na kwa kweli zinaumiza. Zinahesabiwa siku ya kwanza ya kila mwezi. Havihesabiwi nyumba mnayoishi, gari moja la usafiri, vyombo vya ndani, pete ya ndoa na ya uchumba. Na jambo ambalo wengi hawalijui: fedha za ustaafu za mume asiye na SSI, kama 401(k) ya kazini, hazihesabiwi kwa mke.

Basi hiyo 9,000 ifanye kazi kabla ya harusi: gari, deni, vyombo, kodi ya nyumba. Inayobaki iingie kwenye akaunti ya ABLE ya dada, yaani akaunti maalumu ya akiba ya wenye ulemavu. Ohio yao inaitwa STABLE. Mwaka 2025 ilipokea hadi 19,000 kutoka kwa watu wote kwa pamoja, na SSI haiihesabu mpaka ipite 100,000. Sharti hadi mwisho wa 2025 lilikuwa ulemavu kuanza kabla ya miaka 26. Kuanzia 1 Januari 2026 ni kabla ya miaka 46. Yeye anafuzu kwa yote mawili.

Msizigawe. Baada ya ndoa, mume akimtumia kaka yake 6,000 Dar ili salio lishuke, hiyo ni kugawa mali bila malipo ya haki, na SSI inaweza kufungwa hadi miezi 36. Na akaunti za benki za pamoja na ndugu ziepukwe: ofisi huchukulia fedha zote ni za mwenye SSI mpaka athibitishe vinginevyo.

Itokee SSI imekatika kabisa, je? Medicaid haifi siku hiyo hiyo. Jimbo linatakiwa kumpima kwanza kwa makundi mengine yote. Ohio imepanua Medicaid, na hapo hakuna kikomo cha akiba. Kipimo ni kipato tu: asilimia 138 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa watu wawili ni 29,187 kwa mwaka, kama 2,432 kwa mwezi. Mume ana 2,400. Wanapita kwa dola 32!

Dola 32 ni ovataimu isiyofika saa mbili. Ndiyo maana 401(k) ina faida ya pili: inayokatwa kabla ya kodi hupunguza kipato kwenye kipimo hiki. Kwenye SSI haisaidii, kule wanatazama mshahara kabla ya makato.

Halafu tazameni upande wa bwana harusi. Peke yake kikomo chake ni 21,597 kwa mwaka, hapiti. Akioa kisheria, kaya ni ya watu wawili, naye anaweza kupata Medicaid. Ndoa ya msikitini bila leseni haimpi hilo.

Mawili ya kuangalia kwenye kundi hili la Medicaid iliyopanuliwa. Haliwapokei wenye Medicare, kwa hiyo dada anaingia baada tu ya Medicare yake kufungwa rasmi kwenye mfumo. Na sheria ya Julai 2025 imeleta sharti la saa 80 za kazi kwa mwezi, linalopaswa kuanza kutumika kufikia 1 Januari 2027. Wenye ugonjwa mzito na ulemavu wamesamehewa, ila msamaha huo utahitaji kumbukumbu za daktari. Kliniki yake ya damu iandike mapema.

---

Dirisha_la_Dawa:

Nijibu la bima ya kazini na la dawa.

Tangu 2014 bima haziruhusiwi kumkataa mtu, kumtoza zaidi au kumwekea muda wa kusubiri kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. Kwa hilo msiwe na wasiwasi. Kinachowaangusha watu ni tarehe. Ndoa hufungua dirisha la kumwingiza mwenzi, na kwa bima za kazini kwa kawaida ni siku 30 tangu siku ya ndoa. Kwenye soko la bima la serikali, HealthCare.gov, ni siku 60. Ukikosa siku 30, unasubiri uandikishaji wa kila mwaka, ambao waajiri wengi huufanya vuli. Nakala ya cheti iliyothibitishwa ichukuliwe mara leseni ikirudishwa mahakamani, na ombi liwekwe hata kama cheti hakijafika. Mwulizeni ofisa rasilimali watu kama ombi laweza kutangulia.

Je, amwingize? Si lazima jibu liwe ndiyo. Medicaid ikiwepo, gharama ya mgonjwa ni ndogo mno. Bima ya kazini inaweza kumfikisha kwenye kikomo cha gharama zake mwenyewe, ambacho kwa 2025 sheria iliruhusu hadi 9,200 kwa mtu mmoja. Anayelazwa mara tatu atafika. Kikomo kinaanza upya kila mwaka wa bima. Akiingizwa Novemba na mwaka wa bima ukaanza Januari, anaweza kulipa mara mbili ndani ya miezi mitatu.

Akiwa na zote mbili, bima ya kazini hulipa kwanza na Medicaid humalizia. Medicaid ni ya mwisho daima. Kadi zote mbili zionyeshwe hospitali na kwenye duka la dawa, na Medicaid iarifiwe kuna bima mpya. Mtoa huduma anayepokea Medicaid haruhusiwi kumdai mgonjwa tofauti inayobaki. Lakini mtandao wa bima ya kazini utazamwe kwanza: kliniki ya selimundu anayotumia imo? Dawa anayotumia imo kwenye orodha yao, na inahitaji kibali kabla?

Sasa dawa yenyewe. Leo haidroksiyurea yake inalipwa na mpango wa dawa wa Medicare. Medicare ikifungwa, Medicaid inapaswa kuichukua, lakini kompyuta ya duka itaendelea kwa wiki kadhaa kuona kadi ya zamani, itakataa, na mfanyakazi atamwambia "huna bima". Ana bima, mpangilio wa walipaji ndio haujabadilishwa. Aende na barua ya kufungwa kwa Medicare mkononi, duka liiondoe kadi ya zamani na kurusha dai upya kwa Medicaid. Ikikataa tena, aombe dozi ya dharura ya siku 3, ambayo Medicaid inatakiwa kuilipia wakati kibali kinangojewa. Na siku kumi kabla ya harusi, chupa iwe imeshajazwa upya. Haidroksiyurea si dawa ya kuruka wiki mbili halafu kuendelea kama hakuna kilichotokea.

---

Kaka_wa_Columbus:

Mungu awabariki. Tumeuliza: 520 inatoka kwa baba, amestaafu. Kwa hiyo ni hiyo DAC.

Mawili zaidi. Mahari ni dola 3,000, na ukumbini watu watamtunza bibi harusi. Hizo zinahesabiwa? Na bibi yetu anataka ndoa ifungwe Tanga mwezi wa sita, warudi wameshaoana. Ikifungwa nje, Marekani itahesabu?

---

Mshauri_wa_Mafao:

Itahesabu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya Kiislamu, na ndoa iliyo halali ilikofungwa kwa kawaida inatambuliwa hapa. Yaani nikaha ya Tanga ina nguvu kisheria kuliko ya Columbus isiyo na leseni. DAC itakatika kwa ndoa hiyo hata kama mume angebaki Tanga na wasiishi pamoja. Chukueni cheti cha serikali kule, si kile cha msikiti tu, kwa ajili ya bima ya kazini.

Tarehe ina thamani ya 520. DAC hailipwi kwa mwezi wa ndoa, iwe tarehe 1 au 30. Ndoa ya Jumamosi ya mwisho ya Juni inapoteza Juni nzima. Ya Jumamosi ya kwanza ya Julai inaibakiza. Kumbukeni malipo huja mwezi mmoja nyuma: fedha inayoingia Julai ni ya Juni.

Safari yenyewe isifike siku 30 mfululizo nje ya Marekani. Ikifika, SSI inasimama, na hairudi mpaka awe amekaa ndani siku 30 mfululizo. Siku 24 au 25 zinatosha, na zinaacha nafasi ya ndege kuahirishwa. Medicaid hailipi hospitali ya Tanga, kwa hiyo anunue bima ya safari inayokubali ugonjwa alionao, na dawa zikae kwenye begi la mkononi na lebo zake.

Mahari ni haki yake, na mbele ya SSI ni kipato cha mwezi anaoipokea. Akipewa 3,000 taslimu mkononi, SSI ya mwezi huo inafutika, na zikibaki hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata zinageuka mali na zinaweza kuvuka kikomo. Njia safi ni mchumba aziweke yeye mwenyewe moja kwa moja kwenye akaunti ya ABLE ya dada. Anayeweka awe mwingine, zisipite mkononi kwake wala kwenye benki yake; zikipita zimeshakuwa kipato. Au iwe dhahabu ya kuvaa: vito anavyovaa ni vitu vyake binafsi, vilivyofungiwa kama akiba vinahesabiwa. Na za kutunza, ABLE ina kiungo cha wageni kuchangia. Zile za mkononi ukumbini, mtu mmoja aandike kiasi siku hiyo hiyo.

Ndoa iripotiwe Social Security kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, pamoja na stakabadhi za mshahara wa mume za miezi miwili na taarifa za benki. Aombe risiti ya kuripoti na aihifadhi. Kuchelewa kuna adhabu ya 25, kisha 50, kisha 100, mbali na deni lenyewe. Kaunti nayo iarifiwe, kwa ajili ya Medicaid.

Barua ya kupunguza SSI ikija na hesabu haiendani na ya Bi Mahesabu hapo juu, ana siku 60 za kukata rufaa, lakini akiiwasilisha ndani ya siku 10 malipo yanaendelea kama zamani wakati rufaa inasikilizwa. Akishindwa, ofisi inaweza kuidai tofauti hiyo. Bahasha isikae mezani kungoja mtu wa kuisoma.

Na kama afya yake ikifika mahali pa kuhitaji uangalizi wa kiwango cha nyumba ya wauguzi, Ohio ina Ohio Home Care Waiver kwa walio chini ya miaka 60. Huko kinachotazamwa ni kipato chake mwenyewe (kikomo cha 2025 kilikuwa 2,901 kwa mwezi), mshahara wa mume hauingii.

Kabla ya kulipia ukumbi, mpigieni mwanasheria wa msaada wa kisheria, ni bure. Ajue dada yuko kwenye DAC na SSI, apewe tarehe mbili mnazofikiria, awaandikie mwezi kwa mwezi kitakachobaki.